Kisa cha Snapchat 2018: walipowahamishia watu chati na stori zao

Kila ikitoka apdeti kubwa watu wakaanza kulalamika, kuna jibu moja huwa linatolewa haraka haraka: ah, watu hawapendi mabadiliko, waacheni wiki mbili tatu watazoea. Mimi hilo jibu silikubali, au tuseme silikubali lote, na kisa ninachopenda kulibishia ni hiki cha Snapchat cha mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale, hoja ya msingi haikuwa ya kijinga, hela zilikuwepo, wahandisi wazuri walikuwepo, bosi mwenyewe alishatoa tahadhari kabla, na bado wakachemka mpaka idadi ya watumiaji wa kila siku ikashuka kwa mara ya kwanza tangu kampuni ianze kuitangaza.

Kwanza tukumbushane ilivyokuwa. Snapchat ilianza 2011 kama aplikesheni ya kumtumia mtu picha ambayo akishaiona inapotea. Oktoba 2013 wakaleta stori, picha na klipu zinazokaa saa 24 halafu zinaondoka. Januari 2015 wakaleta Discover, ambako vyombo vya habari na watengeneza maudhui wanaweka vitu vyao. Ukiifungua hukutani na fidi, ule mfululizo wa machapisho ya watu, unakutana na kamera. Telezesha kidole kwenda kulia unaingia kwenye chati, telezesha kwenda kushoto unaingia kwenye stori. Vitufe vyenye maelezo vilikuwa vichache, yaani usipoonyeshwa na mtu unaweza kukaa nayo miezi hujui nusu ya vilivyomo ndani. Vijana walikuwa wanafundishana wenyewe kwa wenyewe na hiyo kwao ilikuwa sehemu ya raha, ila mtu mzima akiidaunlodi akiwa peke yake anazunguka zunguka pale kwenye kamera, anaona sura yake, anafunga.

Agosti 2016 Instagram nayo ikaleta stori, zinafanana mpaka jina. Machi 2017 Snap, kampuni mama, ikaingia soko la hisa kwa dola 17 kwa hisa, na ukishaingia huko kila baada ya miezi mitatu unaulizwa umekua kiasi gani. Novemba 7, 2017 wakatangaza watumiaji milioni 178 kwa siku, ongezeko la milioni 4.5 tu kwa robo ile, na Evan Spiegel, mkurugenzi mkuu, akasema kwa miaka wamekuwa wakiambiwa kwamba Snapchat ni ngumu kueleweka au ngumu kutumia, kwa hiyo wanaipanga upya. Akaongeza kwamba kuna uwezekano mkubwa mabadiliko hayo yakavuruga biashara kwa muda mfupi, lakini wako tayari kubeba hiyo risiki. Kwa hiyo mtu asije akasema hawakujua kama kutakuwa na kelele. Walijua. Walichokosea ni kuelewa kelele zenyewe zitakuwa za nini.

Sasa tulia kidogo hapo kwenye "ngumu kueleweka", maana uchambuzi wote unaanzia hapo. Nani alikuwa anasema ni ngumu? Kwa akili ya kawaida tu, ni yule ambaye hajaingia au ameingia akatoka. Anayeitumia mara ishirini kwa siku haoni ugumu wowote, kidole chake kinajua njia bila hata macho kuangalia. Hao ni watu wawili tofauti kabisa wenye matatizo mawili tofauti. Mgeni shida yake ni kwamba vitu havionekani, hajui kuna nini nyuma ya skrini ya kamera. Mwenyeji hana shida hiyo, yeye shida zake ni nyingine: simu inakuwa nzito, stori za watu asiowajali zinajaa, na kwenye Android aplikesheni ilikuwa inasumbua kiasi kwamba kampuni yenyewe ilikuja kuijenga upya toka mwanzo. Timu ikachukua lalamiko la mgeni, ikalitibu kwa kuhamisha vitu vya mwenyeji. Na wenyeji ndo waliokuwa wanailisha hiyo aplikesheni picha kila siku.

Novemba 29, 2017 mpangilio mpya ukatangazwa. Wazo lenyewe lilikuwa kutenganisha watu na vyombo vya habari: marafiki zako wote upande wa kushoto wa kamera, chati zao na stori zao pamoja, halafu upande wa kulia Discover, humo wanakaa mastaa, magazeti, watengeneza maudhui, na mtu yeyote unayemfuata wewe lakini yeye hakufuati. Spiegel aliandika siku zile kwamba kuchanganya rafiki na maudhui ya kila mtu sehemu moja ndiko kulikochangia habari feki kuenea kwenye mitandao ya kijamii. Kiukweli hoja hiyo mimi naiheshimu mpaka leo. Picha ya dada yako na tangazo la kampuni havitakiwi kushindana kwenye mstari mmoja. Ila angalia kilichotokea kwenye skrini yenyewe, maana wazo linaweza kuwa zuri huku juu halafu likifika kwenye kidole likawa kitu kingine.

Walitenganisha rafiki na staa, sawa. Lakini katika kufanya hivyo wakachanganya chati na stori, vitu ambavyo zamani vilikuwa vimetenganishwa na kamera nzima katikati. Chukua mstari mmoja tu kwenye ule ukurasa wa marafiki. Kuna jina la mtu, kuna hali ya meseji ya mwisho, na kama ameweka stori kuna duara lake hapo pembeni ya jina. Ukigusa jina unaenda kwenye mazungumzo au unafungua picha aliyokutumia, ukigusa duara unatazama stori yake. Umbali kati ya hivyo viwili ni upana wa kidole gumba. Kwenye aplikesheni ya kupiga mahesabu ukikosea kitufe unafuta unaanza upya, nani atajua? Hapa ukikosea mwenzako anajua. Ukigusa stori ya mtu jina lako linaingia kwenye orodha ya walioitazama, na mwenyewe anaiona. Ukifungua picha uliyotumiwa wakati hukuwa tayari kujibu, aliyetuma anaonyeshwa kwamba imefunguliwa, na picha yenyewe ndo imeshapotea hivyo, huwezi kusema utaiangalia vizuri baadae. Mtu aliyegombana na mpenzi wake anatafuta chati ya rafiki mwingine, kidole kinateleza, tayari ameshaonekana anachungulia stori ya yule yule aliyeapa hatamfuatilia tena. Ukimweleza mtu wa dizaini atakwambia hiyo ni makosa madogo ya kugusa. Kwa mhusika si madogo, siku yake yote imeharibika.

Zamani mwelekeo wa kidole ndo ulikuwa ulinzi. Ukienda huku ni kuongea, ukienda kule ni kutazama, na hizo ni hali mbili tofauti za akili. Mtu anayekwenda kutazama stori amepumzika, anapitisha muda, hajibu mtu. Anayekwenda kwenye chati ana jambo na mtu maalum. Ukiwapa ukurasa mmoja wote wawili unakuwa umemlazimisha mtu kila akiingia ajiulize nimekuja kufanya nini, na huyo mtu hakuwa anajiuliza hapo kabla, alikuwa anaenda tu.

La pili, na mimi naona hili ndo lililouma zaidi, ni mpangilio wa majina. Kabla yake orodha ya chati ilifuata muda, aliyetuma karibuni yuko juu. Rahisi, na zaidi ya urahisi, inatabirika. Kwenye toleo jipya ikaingia algorithimu inayokisia nani unataka kumwona sasa hivi, kwa hiyo jana fulani alikuwa wa tatu, leo hayupo unapofikiri atakuwepo. Ukisikia "algorithimu itakupangia watu wako wa karibu" inavutia masikioni, lakini mtu mwenye orodha ndefu hapangi watu kwa ukaribu, anawakumbuka kwa tukio: yule aliyenitumia kitu asubuhi, yule sijamjibu tangu jana. Halafu kuna striki, ile hesabu ya siku mfululizo mlizotumiana picha na mwenzako, ambayo isipopata picha kutoka pande zote mbili ndani ya saa 24 inakufa. Mwenye striki nyingi anashuka na orodha kutoka juu mpaka chini, huyu nimemtumia, huyu bado, huyu nimemtumia. Sasa orodha ikiwa inajipanga upya yenyewe katikati ya kazi, utajuaje nani umemruka? Inawezekana kabisa kuona striki ni mchezo wa kitoto, lakini mchezo huo wameutengeneza wao, wakawapa watu sababu ya kuulinda, halafu wakaondoa orodha iliyokuwa inawasaidia kuulinda.

Basi. Toleo likaanza kusambazwa kwa baadhi ya nchi, mapema Februari 2018 likawafikia watu wengi, na moto ukawaka. Ombi la kwenye Change.org, tovuti ya kukusanya saini, la kutaka mpangilio wa zamani urudishwe lilipita saini milioni 1.2. Watu wakawa wanaelekezana njia za kurudi toleo la zamani, wengine wakafunga apdeti za moja kwa moja kwenye simu. Februari 20 kampuni ikajibu kwamba imesikia, na kwamba inaleta vichupo, yaani tabu za kuchagua nini uone, kwenye kurasa za marafiki na Discover ili iwe rahisi kupata stori. Yaani hawarudishi, wanaongeza vichujio juu ya mchanganyiko uliopo. Hapo ndo unaona timu bado inaamini tatizo ni kutafuta, wakati watu wanasema vilikuwa havitafutwi kabisa, vilikuwa vinajulikana vilipo.

Siku chache kabla ya jibu hilo Spiegel alikuwa kwenye mkutano wa Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani, akasema malalamiko yenyewe yanathibitisha kwamba falsafa yao ni sahihi. Mfano wake ulikuwa mtu anayelalamika kwamba staa fulani zamani alionekana kama rafiki na sasa haonekani hivyo, na yeye akasema ndiyo, kwa sababu si rafiki yako. Nakubali mfano wake unachekesha na una ukweli ndani. Ila hicho ndicho kitu cha hatari kuliko vyote kwenye hii kazi ya kubuni kwa kumfuata mtumiaji: kuchagua lalamiko moja linaloipendeza nadharia yako, ukaliweka mbele, na mengine yote yaliyobaki ukayahesabu kuwa mazoea. Kama malalamiko ni ushahidi kwamba umepatia, na ukimya nao ni ushahidi kwamba umepatia, basi hakuna kitu kitakachokuja kukwambia umekosea. Kati ya wale milioni na ushee waliosaini nina hakika wapo waliokuwa wanaona uvivu tu wa kujifunza upya. Lakini kazi ya mtafiti ni kuwachambua, huyu analia nini na yule analia nini, sio kuwaweka kapu moja.

Ya Kylie Jenner, yule staa wa televisheni na mitandao wa Marekani, nitaipitia haraka maana imeshasemwa mpaka imechakaa. Alitwiti kuuliza kama kuna mwingine ambaye hafungui tena Snapchat, kesho yake hisa zikashuka karibu asilimia 6, dola bilioni 1.3 hivi za thamani zikayeyuka. Waandishi wanaipenda stori hiyo. Mimi naona ni ya pembeni, alichosema kilikuwa kimeshasemwa na watu wa kawaida kwa wiki kadhaa, tofauti ni kwamba yeye soko la hisa linamsoma.

Namba ndo hizi. Robo ya mwisho ya 2017 walikuwa milioni 187 kwa siku. Robo ya kwanza ya 2018 wakafika 191, ila kampuni ikakiri kwamba Machi ilikuwa chini ya wastani wa robo nzima, kwa maana kwamba mshuko ulishaanza umefichwa na Januari. Mei wakaanza kurudi nyuma nusu nusu: kwenye iPhone stori za marafiki zikarudi upande wa kulia, zikawekwa juu ya Discover, na chati upande wa kushoto zikarudi kufuata muda. Soma tena hiyo sentensi, maana mambo mawili waliyorudisha ndo yale yale mawili niliyoyaeleza juu, kutenganisha kuongea na kutazama, na orodha inayotabirika. Wazo la kumtenga staa na rafiki lilibaki, na kelele kuhusu wazo hilo hazikuwa ndo tatizo hata kidogo. Robo ya pili wakashuka mpaka milioni 188, na Spiegel akawaambia wawekezaji sababu kubwa ni watu kuitumia mara chache zaidi kutokana na mvurugo wa mpangilio mpya. Robo ya tatu 186. Baadae barua yake kwa wafanyakazi ilivuja, na humo alikiri kwamba walikurupuka na mpangilio ule, wakatatua tatizo moja wakazalisha mengi.

Haki isemwe pia. Si kila aliyeondoka aliondoka kwa sababu ya mpangilio, Instagram ilikuwa inachukua watu wa Snapchat na aplikesheni ya Android ilikuwa inaumiza. Tena mapato ya kampuni mwaka ule wa 2018 yaliongezeka kwa asilimia 43, yakafika dola bilioni 1.18, kwa hiyo ukiwa mtu wa hesabu unaweza kusema kisa hiki ni cha mafanikio. Na Februari ile ile walipokuwa wanatukanwa, walisema dalili za mwanzo ni nzuri hasa kwa watumiaji wenye zaidi ya miaka 35. Mimi hilo naliamini kabisa! Kwa mgeni ambaye ni mtu mzima aliyeingia na marafiki wake saba, ukurasa mmoja wenye kila kitu cha hao saba ni rahisi kuliko kurasa mbili. Ndo maana nasema dizaini ile haikuwa mbovu kwa kila mtu, ilikuwa nzuri kwa ambaye hajahamia bado.

Na hapo ndo napenda kuwauliza watu wanaotengeneza aplikesheni za kuchati: mnajaribia kwenye akaunti gani? Maana akaunti ya majaribio huwa na marafiki kumi wenye picha nzuri, majina mafupi, kila mmoja ana stori moja safi. Mpangilio wowote unapendeza hapo. Mchukue mtu mwenye majina mia tatu, wengine amewabadilisha majina, wengine hataki kuwaona ila hawezi kuwafuta kwa sababu za kifamilia, makundi ya darasa yamelala, striki arobaini. Mpe toleo jipya kwenye akaunti yake mwenyewe, si ya maonyesho, mwache nayo wiki kadhaa, kisha kaa naye umuombe afanye mambo ya kawaida: mjibu fulani, angalia stori za watu wawili bila kumgusa wa tatu, tuma striki zote. Hesabu mara alizogusa asipokusudia. Hesabu mara alizosimama akitafuta jina. John Gould na Clayton Lewis, watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, walishaandika mwaka 1985 kanuni tatu za kazi hii, kuwajua watumiaji na kazi zao mapema, kupima kwa kuwaangalia wakifanya, na kurudia rudia kubuni kabla hujafunga, na hakuna hata moja inayohitaji teknolojia mpya. Kipimo cha muda aliokaa ndani ya aplikesheni peke yake kingewadanganya, maana mtu anayemtafuta rafiki yake kwa hasira naye anakaa muda mrefu.

Kingine ambacho kingewasaidia ni kupunguza ukubwa wa ngumi. Walibadilisha kwa pamoja mahali pa stori, mpangilio wa majina, na makao ya watu unaowafuata wasiokufuata. Vitu vitatu, siku moja. Watu walipolia haikuwezekana kujua kwa haraka kipi kinauma, na ndo maana jibu la kwanza la Februari liligusa mahali pasipouma na lile la Mei ndo likapatia. Wangehamisha mastaa kwanza peke yao wakaacha chati ilivyo, nadhani kelele zingekuwepo, ila zingekuwa zile alizozitania Spiegel, na hapo angekuwa na haki ya kuzitania.

Kufikia Aprili 2019 aplikesheni mpya ya Android iliyojengwa upya ilikuwa imesambazwa kwa wote, na robo ya kwanza ya mwaka huo watumiaji walikuwa wamepanda tena mpaka milioni 190. Mwaka 2020 ndo wakaweka ule mstari wa chini wenye vitufe vya ramani, chati, kamera na vingine: chati ikawa na ukurasa wake, stori za marafiki nazo zikawa na ukurasa wake, na kila kitu kikawa na alama inayoonekana bila kufundishwa na mtu. Lile lalamiko la mgeni la 2017, kwamba haoni vitu vilipo, lilijibiwa hapo, na safari hii mwenyeji hakuhamishiwa chati yake.